Hodi Tatu, Karibu Moja

Jongeeni karibu, na mwenye kusinzia akalale sasa, asije kuniuliza kesho ilikwishaje. Hadithi hii ninayo nzima isipokuwa mwisho. Mwisho mtautia nyinyi, nami nitakaa kimya niwasikilize mkigombana.

Katika mji wa Milangoni walikuwako watu watatu, kila mmoja na jaala yake. Mwatime alijaliwa sikio. Akisikia upawa ukigonga chungu nyumba ya tatu, atakwambia kinachopikwa na kama mpishi ana hasira. Fumo alijaliwa bega. Alikuwa hamali wa ghalani, na gunia ambalo wenzake walilibeba wawili yeye alilibeba peke yake huku akipiga mluzi. Bahero alijaliwa mkono. Alikuwa fundi wa kuunga mifupa, na vidole vyake vilipopita juu ya ngozi vilijua kilichovunjika ndani kabla mgonjwa hajasema anaumwa wapi.

Na alikuwako wa nne, Mwanamkasi, mjane wa miaka hamsini na ushei, msuka mikeka. Huyu hakujaliwa sikio wala bega wala mkono. Yeye alijaliwa mlango.

Msicheke, nitawaeleza. Zamani mji ule ulitawaliwa na jumbe mmoja mkali ambaye askari wake hawakujua kubisha. Waliingia nyumba yoyote saa yoyote, wakafunua vyungu, wakahesabu kuku, wakainua vyandarua kuona nani kalala na nani. Siku moja walimtoa bibi yake Mwanamkasi barabarani na kanga moja mwilini, kwa kosa ambalo hakuna anayelikumbuka tena. Siku hiyo watu walichoka. Wakamfukuza jumbe na askari wake, na babu yake Mwanamkasi, aliyekuwa fundi wa nakshi, akachonga mlango wa mvule, na juu ya mlango akachonga sheria mpya ya mji, maneno machache ambayo kila mtoto aliyajua: Nyumba ni ya mwenyewe. Hodi ni tatu. Kimya ni jibu.

Maana yake ilikuwa wazi. Piga hodi tatu. Ukiitikiwa karibu, ingia. Usipoitikiwa, umeshajibiwa, nenda zako. Atakayevuka kizingiti bila karibu, mlango wa nyumba yake mwenyewe utang'olewa, na atakaa mwaka mzima nyumba wazi, hata pazia haruhusiwi. Na sikio lililotegwa ukutani lilihesabiwa kuwa mguu uliovuka.

Niseme haki, sheria ile ilikuwa nzuri. Maskini wa Milangoni aliweza kumnyamazia tajiri, na tajiri akageuka akarudi kwake. Mke aliyekimbia kipigo alifunga mlango wake, na hapakuwa na mume, shemeji wala mkubwa wa mji wa kuufungua. Wageni walikuja kutoka mbali kuutazama mlango ule wa mvule, na Mwanamkasi akawapangusia vumbi kwenye nakshi ili wasome vizuri.

Lakini sheria iliyotungwa kumzuia askari ikaja kumzuia na jirani. Kuuliza hali ya mtu kukawa udaku. Kuomba chumvi kukawa kuvamia. Hata adabu ikabadilika: mtu mstaarabu, akishapiga hodi ya tatu, alijiziba masikio kwa upande wa kanga au kwa viganja na kuondoka upesi, asije akasikia cha ndani kisichomhusu. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, Fumo alipiga hodi tatu kwa mama yake asubuhi, hakujibiwa, akaziba masikio akaenda kazini. Aliporudi jioni alipiga tatu nyingine. Siku ya tatu harufu ndiyo iliyomjibu. Tangu hapo Fumo hakupiga mluzi tena.

Basi ikaja masika. Boriti ya jiko la Mwanamkasi ilikuwa imeliwa na mchwa siku nyingi. Kutoka nje paa lilionekana limebonyea, na wapita njia waliliona, lakini nani angemwambia? Paa si lake. Asubuhi moja, mvua ikinyesha kwa nguvu, boriti ikashuka na kumlalia Mwanamkasi miguu yote miwili chini ya magoti.

Alipiga kelele, na mvua ikazimeza. Alipiga kelele mpaka koo likakauka kwa vumbi la chokaa, na mvua ilipokatika, sauti nayo ilikuwa imekatika. Ndipo wakaanza kuja watu.

Wa kwanza alikuwa mama muuza maziwa. Hodi, hodi, hodi. Mwanamkasi alifungua kinywa, kikatoka kitu kama pumzi ya paka. Mama wa maziwa akaenda zake. Akaja mteja wa mikeka, akapiga tatu zake kwa upole, akaondoka. Mwanamkasi aliushika upawa ulioanguka karibu naye na kuugonga sakafuni, lakini kila alipogonga, mtu wa mlangoni alikuwa keshaziba masikio kwa adabu.

Alasiri alisikia sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, Mwanaidi. Moyo ukamruka. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mzaliwa nawe huyo yuko mlangoni. Mwanaidi alipiga hodi ya kwanza. Akapiga ya pili. Baada ya ya tatu Mwanamkasi alimsikia akivuta pumzi na kusema peke yake, kwa uchungu, kwamba basi kama dada yake bado amemnunia kwa maneno waliyotupiana harusini, na aendelee kununa. Upawa uligonga na kugonga. Nyayo zikaenda. Mwanamkasi alilia bila machozi, maana maji mwilini yalikuwa yameshaanza kwisha.

Siku ya pili ikapita hivyo hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu Mwatime, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amekaa kwake na bakuli la uji uliopoa. Kwa miaka kumi na moja, kila alfajiri, alikuwa akisikia ufagio wa Mwanamkasi uani. Asubuhi tatu sasa, ufagio kimya. Mwatime alijua kabisa kwamba kuusikia ufagio wa mtu kila siku ni kosa. Alijua pia kwamba akienda kumwambia mtu, ataulizwa amejuaje. Aliuacha uji, akabandika sikio ukutani waziwazi, akausikia upawa. Akatoka mbio bila viatu.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Fumo, gunia begani. Hakumaliza kumweleza. Fumo alilitupa gunia, mchele ukamwagika barabarani, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mvule, ule wenye sheria. Mwatime alimkumbusha kupiga hodi. Fumo akasema alishazipiga zake zote mwaka jana, akaupiga mlango bega mara mbili. Mara ya pili nakshi ya babu ikapasuka katikati. Aliingia mpaka jikoni, akaishika boriti ainue.

"Usiinue," ilisema sauti nyuma yake. "Ukiinua sasa unamuua."

Alikuwa Bahero, aliyekuwa akipita akasikia kishindo. Alisimama nje ya kizingiti cha nyumba, ambako jiko lilionekana moja kwa moja kupitia mlango uliovunjika, na hapo niwaambie kwa nini alisimama. Miaka mitano nyuma alimtibu Sefu, mume wa Mwanamkasi, na Sefu akafa mikononi mwake. Siku ya matanga Mwanamkasi alimwambia mbele ya watu kwamba asitie mguu nyumbani mwake tena, hata yeye mwenyewe akiwa anakufa. Bahero alikuwa ameitii kauli hiyo miaka mitano.

Sasa Mwanamkasi, pale sakafuni, alimwona. Akatikisa kichwa, mara mbili, kwa nguvu alizokuwa nazo. Ilikuwa hapana isiyo na shaka, na Bahero aliiona.

"Uliniambia nisiingie, na sasa umeniambia tena," alisema. "Nimekusikia. Utanihukumu ukipona."

Akaingia. Aliifunga miguu juu ya pale ilipobanwa, akamdondoshea maji kwa kidole, tone baada ya tone, akamwagiza Fumo ainue boriti shibiri moja, asubiri, ainue tena. Damu iliyolala siku mbili, alieleza baadaye, ikiachiwa ghafla huufikia moyo na kuuzima. Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Mwanamkasi alipona. Mguu mmoja ulibaki mfupi, na akatembelea gongo.

Bila sikio pasingejulikana kitu. Bila bega wangejua wakabaki nje wakilia. Bila mkono wangeitoa maiti. Mpaka hapo nadhani tuko pamoja.

Baada ya wiki mbili alikuja Mwinyihija, mshika sheria wa mji. Mlango haukuwapo, palikuwa na uwazi tu, na Mwanamkasi alikuwa amekaa mbele yake akimtazama. Hata hivyo Mwinyihija alisimama nje akapiga hodi tatu mpaka akaitikiwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema alilojia. Watu watatu wamevuka kizingiti cha nyumba hii bila karibu, mmoja wao kwa sikio. Wote wamekiri. Milango yao mitatu itang'olewa.

Mwanamkasi akasema watu hao wamemwokoa. Mwinyihija akajibu kwamba askari wa jumbe nao kila siku walisema wanaokoa mtu.

Palikuwa na njia moja tu. Zamani mkunga mmoja aliingia kwa mzazi asiyeweza kuitikia, na ili kumnusuru, babu yake Mwanamkasi aliongeza kifungu: mwenye nyumba anaweza, mara moja katika maisha yake, kusema karibu baada ya mgeni kwisha kuingia. Waliiita karibu ya nyuma. Mtu aliyesamehewa kwa karibu hiyo, kosa lake huacha kuwa kosa kwa mji mzima. Tangu siku ya yule mkunga, wakunga wa Milangoni waliingia popote.

"Karibu moja, mtu mmoja," alisema Mwinyihija. "Fikiri vizuri mpaka Ijumaa. Humchagulii mtu tu. Unauchagulia mji."

Mwanamkasi hakulala vizuri tangu siku ile, maana wote watatu walikuja kwake, mmoja mmoja.

Mwatime alikuja kwanza. Hakujitetea sana. Alisema mume wake wa zamani, yule aliyemvunja mkono, bado yuko mjini na bado hupita mbele ya nyumba akiutazama mlango. Kilichomzuia miaka yote ni ubao huo na sheria hiyo. Ukitoka mlango, yeye Mwatime hatauona mwaka ukiisha. Mwanamkasi alimshika mkono, akamwambia hatasahau. Kisha Mwatime, kwa kutaka kumfariji, akasema kwamba hata Sefu huko aliko anafurahi, jinsi Mwanamkasi anavyozungumza naye kila Ijumaa. Mwanamkasi akauachia mkono. Maneno yale ya Ijumaa aliyasema peke yake chumbani, kwa sauti ya chini, na mengine hayakuwa maneno ya mtu mwingine kuyasikia. Miaka mitano yote. Aliona aibu iliyomfika masikioni, na hapo hapo akaona aibu ya kumwonea aibu mtu aliyempa uhai.

Fumo alikuja na vijana arobaini, wakabaki nje. Mji ulikuwa umeshaanza kumwita mkombozi. Alisema mlango wake wang'oe wakitaka, ndani hana kitu, lakini vijana hawatakubali, na marungu yameshakatwa. Akaeleza anachotaka: kila nyumba itoe ufunguo wa pili, funguo zote zikae kwake, na kila asubuhi vijana wapite waone kama watu wamo hai. Mwanamkasi akamuuliza kama vijana hao watafunua na vyungu. Fumo hakuelewa swali, alikuwa kijana. Kisha uso ukamkunjika, akasema kwa sauti ndogo kabisa kwamba mama yake alikuwa ameshika komeo. Alikufa mkono ukiwa kwenye komeo, anajaribu kumfungulia.

Bahero alikuja mwisho, akakaa nje ya kizingiti, hakutaka kuingia. Nyumba yake, alisema, ndimo watu huvua nguo na kusema maradhi yao. Bila mlango hawatakuja, naye atahama, na mji utabaki bila fundi wa mifupa. Mwanamkasi alimuuliza jambo moja tu: alipotikisiwa kichwa, aliona nini?

"Niliona hapana," alijibu Bahero. "Nikaona pia kwamba sikubaliani nayo."

"Na kesho, kwa mwingine, usipokubaliana na hapana yake?"

Bahero aliinama akatazama mikono yake. Alisema angeingia tena.

Siku ya mwisho alikuja Mwanaidi. Alikuwa amekonda. Aliketi chini karibu na gongo la dada yake, akauliza kama na yeye ana adhabu. Mwanamkasi alimjibu kwamba hana, kwa sababu hakuvunja sheria yoyote. Alimjibu kwa upole, na jibu hilo likamuuma yeye mwenyewe kuliko boriti, maana alikuwa akiusema ukweli. Watu wote waliomwacha afe hawakuwa na kosa, na wote waliomwokoa walikuwa na kosa. Sheria iliyosema hivyo ilichongwa na babu yake, kwa ajili ya bibi yake aliyetolewa nje na kanga moja. Alimpenda babu yake. Aliichukia ile hodi ya tatu. Vyote viwili vilikuwa vya kweli na vyote vilikaa katika kifua kimoja.

Ikafika Ijumaa alasiri. Mlango mpya ulikuwa umepachikwa, wa mbao za kawaida, hauna nakshi. Kwa desturi mwenye nyumba hukaa ndani, mlango umefungwa, na kila aliyeshtakiwa hupiga hodi moja tu, kwa sauti yake. Atakayeitikiwa kwa jina amesamehewa. Na kama hakuna atakayeitikiwa, basi kimya ni jibu: milango yote mitatu inang'olewa, na sheria inabaki kama ilivyochongwa.

Barabara ilijaa. Upande mmoja walisimama vijana wa Fumo na marungu yao. Upande wa pili alisimama Mwinyihija na mafundi watatu wenye patasi za kung'olea bawaba. Kwenye kona, amejiegemeza ukutani, alikuwapo mwanamume mmoja aliyekuwa akimtazama Mwatime na kutabasamu. Wenye adabu, kama ilivyo ada, walikuwa wamejiziba masikio, mji mzima viganja juu. Isipokuwa Mwanaidi. Yeye alisimama mbele kabisa, mikono chini, masikio wazi, na watu walimwona wakashangaa.

Mwatime akapiga hodi, sauti ikitetemeka.

Fumo akapiga hodi, mlango ukatikisika.

Bahero akapiga hodi, polepole, akarudi hatua moja nyuma.

Ndani, Mwanamkasi aliegemea gongo lake, kiganja juu ya komeo. Safari hii sauti alikuwa nayo. Akimwita Mwatime, kuanzia kesho kila ukuta wa Milangoni utakuwa na sikio, hata la yule mwanamume wa kwenye kona. Akimwita Fumo, kila mlango utakuwa na funguo mbili. Akimwita Bahero, hapana ya mtu itakuwa hapana mpaka atokee anayejua zaidi. Na akinyamaza, mahali fulani mjini, masika ijayo, mtu atakuwa sakafuni ameshika upawa.

Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo mimi nilipoachia, wasikilizaji wangu, na msinikodolee macho. Hodi tatu mmezisikia, na karibu ni moja. Komeo liko chini ya kiganja chako sasa, na nje wanangoja. Je, wewe ungemwitikia nani?